Asilimia Mbili za Fundi

Ifikapo tarehe 7 ya mwezi, mhasibu wa kampuni ya Tanzania Bara anatakiwa awe ameshapeleka kwa mamlaka ya mapato, TRA, makato ya mishahara ya mwezi uliopita. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kila mfanyakazi anaijua, maana inamuuma mwenyewe. Ipo nyingine asiyoiona kwenye hati yake ya mshahara kwa sababu anaibeba mwajiri peke yake: tozo ya kuendeleza ujuzi, inayojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, SDL. Waajiri wengi wanaihesabu kuwa kodi tu kama kodi nyingine, na wanailalamikia hivyo. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1994 iliyotaka fedha za kumsomesha kijana useremala, uashi, umeme na ufundi magari. Jinsi fedha hizo zilivyopatikana, zikaongezeka, kisha sehemu kubwa ikaenda kusomesha watu wengine, ni kisa kinachohitaji kurudi nyuma sana, hadi wakati ambapo anayejifunza ufundi hakuwa na wa kumlipia ila mikono yake mwenyewe.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa pwani kabla ya shule za kizungu. Mtoto alipelekwa kwa fundi wa majahazi, kwa mhunzi au kwa mchonga milango. Hakukuwa na ada. Alifagia, akachota maji, akatumwa sokoni, na katikati ya kutumwa akaona patasi inavyoshikwa. Utaratibu huo haukufa. Keko, Dar es Salaam, kwa maseremala, na katika kila gereji bubu ya mjini, bado kijana anaanza kwa kushika taa na kupokeza spana. Akiambiwa "lete kumi na nne" akaleta kumi na saba, anasikia. Jioni anapewa hela ya kula. Ataosha vipuri kwa petroli mwezi baada ya mwezi kabla hajaruhusiwa kufungua giaboksi mwenyewe, na siku akiruhusiwa, hiyo ndiyo mahafali yake. Serikali haijatoa senti, mzazi naye hajatoa zaidi ya nauli. Aliyelipa ni kijana, kwa kazi isiyo na mshahara, na fundi, kwa vipuri vilivyoharibika mikononi mwa mwanafunzi.

Wamisionari walikuja na mpango tofauti kidogo. Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa ufundi pamoja na katekisimu. Baadaye Wabenedikti walijenga Peramiho na Ndanda kwa matofali na mbao zilizotengenezwa papo hapo, na karakana zao zikawa vyuo bila kuitwa vyuo. Fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya, na pengo likazibwa na kazi za karakana zenyewe. Aliyejifunza kupiga randa alikuwa wakati uleule anatengeneza madawati ya shule na milango ya kanisa. Wazo hili la mwanafunzi kugharimia mafunzo yake kwa bidhaa anazotengeneza litarudi tena na tena katika historia hii. Kila mara litapewa jina jipya.

Serikali ya kwanza kutia fedha zake katika jambo hili ilikuwa ya Wajerumani. Shule yao ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitakiwa kutoa makarani na watumishi wanaojua kusoma, lakini pia ilikuwa na sehemu ya ufundi na mtambo wa kuchapia. Kwenye mtambo huo, mwanzoni mwa karne ya 20, lilichapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Vijana waliopanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, ili zisomeke sawasawa karatasini, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Tanganyika kufundishwa fani ya kiwandani kwa gharama ya serikali. Sababu haikuwa huruma. Koloni lilihitaji wachapaji, na kumleta mmoja kutoka Ujerumani kulikuwa ghali.

Waingereza, walipochukua nchi baada ya vita ya kwanza ya dunia, hawakuwa na haraka. Shule nyingi waliwaachia wamisionari na kuwapa ruzuku, na ufundi ukabaki pembeni. Kilichowasukuma ni vita ya pili ya dunia. Askari walirudi kutoka Burma na kwingineko, wengine wakiwa wamejifunza jeshini kuendesha magari, kuyatengeneza na kupitisha nyaya. Hawakurudi kulima kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita, na Moshi ikafuata mwaka 1957. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Ufundi, ambayo leo ni Taasisi ya Teknolojia, DIT.

Utaratibu wa Ifunda unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ulikuwa na jibu la busara kwa swali la gharama. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitano: mitatu shuleni na miwili kwa mwajiri. Ile mitatu ilibebwa na serikali, yaani karakana, mwalimu, chakula na kitanda. Ile miwili ilibebwa na mwajiri, aliyempa kijana kazi na ujira wa mwanagenzi huku akimkamilisha. Kwa hiyo wawili waliohitaji fundi, yaani taifa na kampuni, waligawana mzigo wake. Waliofaidika walikuwa wachache mno, na hilo halipaswi kufichwa, lakini kwa mpangilio mzuri wa gharama ni vigumu kupata mfano bora zaidi katika miaka sabini iliyofuata.

Mpangilio huo haukudumu. Uhuru ulipokuja, nchi ilihitaji wahandisi, na Ifunda na Moshi zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi katika miaka ya 1960. Mwanafunzi aliyeingia pale sasa alikuwa na hesabu na fizikia, na macho yake yalikuwa juu, kwenye chuo kikuu. Uamuzi ulieleweka. Ila mashine za kuchania mbao zilibaki palepale, na aliyekusudiwa kuzitumia maisha yake yote hakuwapo tena. Itatokea hivyo tena Mbeya: chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986 kwa msaada wa Wasovieti kilipanda daraja, kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Wakuu wa vyuo hawalaumiki peke yao. Bajeti inafuata shahada, na taasisi nayo inaifuata bajeti.

Mwalimu Nyerere alilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka kila shule iwe na shamba au karakana, izalishe, ipunguze gharama zake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa haba kupindukia, likaja wazo la vituo vya ufundi baada ya elimu ya msingi. Vituo hivyo vilijengwa kando ya shule za vijiji, mara nyingi kwa nguvu za wananchi wenyewe: kijiji kilifyatua matofali, serikali ikaleta mabati na mwalimu. Kwa miaka miwili mvulana alijifunza useremala, uashi au uhunzi wa mabati, na msichana, kwa mawazo ya wakati ule, alipelekwa kwenye ushonaji na maarifa ya nyumbani.

Kasoro ilikuwa kwenye zana. Kumfundisha mtoto kusoma kunahitaji kitabu, na kitabu kimoja kinasomwa na watano. Randa haishikwi na watano kwa wakati mmoja, na ubao ukishachanwa umechanwa. Vituo vilipewa zana za kuanzia, zikavunjika au zikaibiwa, na hakukuwa na kasma ya kununua nyingine. Kijana alihitimu akijua kutengeneza kiti, akarudi nyumbani bila msumeno. Walioweza kununua wakawa mafundi wa kijiji, na baadhi ya viti vyao vingali vinakaliwa. Wengi waliufanya ufundi kuwa kumbukumbu ya shule.

Kipindi hichohicho kilizaa pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vinavyojulikana kama FDC, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden na kwa fedha za Sweden. Leo viko 54. Dhana yake ilikuwa nzuri na bado ni nzuri: mtu mzima anatoka kijijini, anakaa bwenini, anajifunza kinachohitajika kwao, anarudi. Katika miaka ya karibuni vimepata uhai mwingine kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayowarudisha darasani wasichana walioacha shule, wengine wakiwa na watoto wao. Inafadhiliwa na Mastercard Foundation. Mgeni amechukua tena mzigo.

Kwa upande wa viwanda, Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliweka idara ya taifa ya mafunzo chini ya wizara ya kazi, ikasimamia vituo vya mijini na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Cheti cha daraja la kwanza kilikuwa na heshima yake: fundi aliyekuwa nacho alikitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni. Lakini fedha zilitoka Hazina na kwa wafadhili, hasa wa nchi za Nordic, na miaka ya 1980 ilipofika Hazina ikawa haina kitu. Viwanda vilifanya kazi chini ya uwezo wake, vipuri havikuwepo, mishahara ya walimu haikutosha nauli. Lathe iliyoharibika ilibaki hivyo. Katika karakana nyingi mwanafunzi alifundishwa mashine kwa kuichora ubaoni.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la mwaka 1994. Sheria Namba 1 ya mwaka huo ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na kuipa chanzo chake cha fedha: mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi alipe asilimia 2 ya jumla ya mishahara anayolipa. Kwenye bodi yake walikaa serikali, waajiri na wafanyakazi. Hoja ilikuwa rahisi, na ilifanana na ile ya Ifunda. Anayemhitaji fundi achangie kumwandaa. Tena fedha zisipite kwenye mkoba mmoja na barabara, hospitali na jeshi, ambako fundi hupigwa kiwiko kila mara.

Tozo hiyo haikukaa peke yake kwa muda mrefu. Kulikuwa na tozo nyingine ya asilimia 4 juu ya mishahara, ikienda Hazina. Hizo mbili ziliunganishwa zikawa SDL ya asilimia 6, ikikusanywa na mamlaka ya mapato. Theluthi moja kwa VETA, theluthi mbili kwa Hazina. Kwa hesabu, fundi hakupoteza kitu: theluthi ya sita ni mbili. Kwa siasa, alipoteza mengi, kwa sababu jina la tozo sasa lilikuwa la ujuzi, lakini sehemu kubwa ya fedha ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Mwenyewe huyo alijulikana vizuri baada ya mwaka 2005. Elimu ya juu, iliyokuwa bure kwa miaka mingi, ilikuwa imeingizwa kwenye uchangiaji gharama, na Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi Julai 2005. Vyuo vikuu vilikuwa vinaongezeka kama uyoga, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikafunguliwa mwaka 2007, na mahitaji ya mikopo yakapanda kupita makadirio. Ile theluthi mbili ya SDL iliyokuwa Hazina ikaelekezwa huko. Kwa maneno mengine, tozo iliyotozwa kwa jina la ujuzi ilimlipia mwanafunzi wa sheria au wa sosholojia mara mbili ya ilivyomlipia fundi umeme.

Haina maana kwamba mwanafunzi wa sosholojia hakustahili. Wengi walikuwa watoto wa wakulima ambao bila mkopo wasingefika Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ni haki kuuliza kwa nini upande mmoja ulisikika na mwingine haukusikika. Boom, yaani fedha ya kujikimu, ikichelewa, wanafunzi wa chuo kikuu wanakusanyika, wanaandamana, na kesho yake habari iko ukurasa wa mbele. Wanafunzi wa VETA wametawanyika, kozi zao ni fupi, wengi wana umri mdogo, na mbunge aliyesoma chuo kikuu anaujua ugumu wa bwenini Mlimani kuliko joto la karakana ya uchomeleaji. Hakuna aliyepanga njama. Fedha zilikwenda kwenye kelele.

Waajiri nao walipiga kelele zao, kwa sababu yao wenyewe. Kila msimu wa bajeti Chama cha Waajiri na Shirikisho la Wenye Viwanda walikumbusha kwamba SDL ya Tanzania ni kubwa mno kwa kulinganisha na majirani. Nchini Kenya, tozo ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 za huko kwa mfanyakazi kwa mwezi, bila kujali mshahara. Walilalamika pia kwamba serikali, mwajiri mkubwa kuliko wote, imesamehewa. Wakasikilizwa kidogokidogo. Mwaka 2013 kiwango kilishuka kuwa asilimia 5, mwaka 2016 kikawa 4.5, baadaye 4, na mwaka 2023 kikafika 3.5. Mwaka 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya kumi aliondolewa kabisa.

Hapa hesabu inahitaji kalamu. Kampuni inayolipa mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi ilikuwa inatoa milioni 6, na kwa mgao wa theluthi, milioni 2 zilikuwa za ufundi stadi. Kwa kiwango cha 3.5 cha mwaka 2023, kampuni hiyohiyo ilitoa milioni tatu na nusu, na theluthi yake ni kama milioni moja na laki moja na elfu sitini na saba. Zile asilimia 2 za mwaka 1994 hazikulindwa popote. Nafuu aliyopewa mwajiri imekatwa pia kwenye fungu la fundi, na katika mijadala ya bungeni ni nadra kusikia hesabu hiyo ikisemwa waziwazi.

Pamoja na hayo, tozo ilifanya kazi ambayo bajeti ya kawaida isingeifanya. Ada katika vyuo vya VETA ilibaki ndogo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Kwa fedha hizo hata chakula cha bwenini hakitoshi, hivyo tofauti inabebwa na umma. Kinachomwangusha mzazi mara nyingi si ada. Ni orodha inayokuja na barua ya kujiunga: ovaroli, viatu vya usalama, seti ya zana za fani, godoro, michango. Binti anayechukua umeme wa majumbani anatakiwa awe na tester, plaisi na bisibisi zake. Wa ushonaji anahitaji mkasi na vitambaa. Ada inaweza kulipwa kwa kuuza mbuzi, zana zikataka ng'ombe.

Tangu mwaka wa fedha wa 2016/17 serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ilifungua njia nyingine: mafunzo ya uanagenzi ambayo inayalipia yenyewe. Vijana wamepelekwa viwandani na vyuoni, wakiwemo waliofundishwa ushonaji wa nguo katika kiwanda cha Tooku, Mabibo, wengine wakifundishwa kutengeneza viatu na bidhaa za ngozi kwenye kampasi ya DIT Mwanza. Ni ule mpango wa Ifunda umerudi, isipokuwa safari hii serikali inabeba karibu mzigo wote na mwajiri anapata wafanyakazi waliokwisha kufundwa.

VETA yenyewe ilifanya jambo jingine la maana ambalo halikugharimu sana. Kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, ilianza kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani, maseremala, waashi, wapishi, wahudumu wa hoteli, na kuwapa cheti kwa walichokijua tayari. Yule kijana wa gereji bubu aliyeosha vipuri kwa petroli, ambaye umma haukuwahi kumlipia darasa hata siku moja, sasa angeweza kulipiwa angalau mtihani. Kwa shilingi moja ya umma, hakuna mpango uliogusa mafundi halisi kwa karibu zaidi.

Majengo, kwa upande wake, yameongezeka kwa kasi. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zilimalizia vyuo vya wilaya vilivyokuwa vimekwama, kisha ukaanza ujenzi wa vingine 64, kimoja cha mkoa wa Songwe na 63 vya wilaya. Jengo lina sifa kwamba linaweza kuzinduliwa. Uendeshaji hauna utepe wa kukata.

Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilifungua mlango kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, kama afya, ualimu wa sayansi na hesabu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Ilikuwa hatua kubwa: mtu anayesomea ufundi sanifu aliwekwa kwenye orodha moja na wa shahada. Mwanafunzi wa cheti cha ufundi stadi, yule wa ovaroli na plaisi, hakuwemo kwenye orodha hiyo.

Kwake yeye, mabadiliko yamepitia mlango mwingine. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika sekondari, na wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza wameshaanza. Kwa kuwa sekondari za serikali hazina ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, kijana anaweza kujifunza uashi au umeme kwenye shule ya kata bila mzazi kulipa chochote kwa jina la ada. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, enzi ambapo aliyeipanga alikuwa anafikiria vitabu na chaki. Mwanafunzi wa uashi hujifunza kwa kujenga ukuta, kuubomoa, na kuujenga tena, na saruji iliyokwisha kuganda hairudi mfukoni. Wakuu wa shule za amali ndio wanaotakiwa sasa kuligawa fungu hilo kati ya kitabu na saruji.